Mwega na Kamba

Daktari Nkya aliigeuza kadi yangu ya kliniki
akachora nyuma yake kitu kama parachichi linaloning'inia.
"Hiki ni kizazi chako, mama. Kimeshuka."
Kushuka nakujua, nikamwambia.
Mwaka wa tisa huu nachuchumaa kando ya mfereji
nakirudisha kwa vidole viwili
kama mtu na mlango usioshika komeo.

Kanisani nakaa benchi la mwisho,
kitambaa juu ya kitambaa.
Elinisafi alidhani nimemchoka.
Nikamwacha adhani.

Watoto sita. Huyu wa sita
alikuja mama mkwe amekwisha kuzikwa,
hapakuwa na wa kunipikia mtori
wala wa kunikataza kuinuka.
Siku ya kumi na mbili nilikuwa tambarare nakata majani,
nikapanda nayo Uru, mzigo kichwani,
maana ng'ombe hajui habari za uzazi.

"Njia ni mbili," akasema. "Au tuseme tatu."

Kupitia chini: tumbo haliguswi,
wanakaza kuta zilizolegea, wanafunga kilele
kwenye kano ya nyonga, na siku ya tatu uko nyumbani.
Ila, hapa akakuna kidevu, wapo wanaorudi.

Kupitia tumboni: wanakivuta kutoka juu
kwa kipande cha wavu, wanakifunga kwenye mfupa wa mgongo.
Hudumu zaidi. Lakini kidonda ni kirefu, usingizi ni mzito,
na wavu mara mojamoja huila nyama iliyoupokea.

Nikacheka. Akaweka kalamu chini.

Daktari, wewe umekulia kwenye lami.
Mgomba ukizidiwa na mkungu, tunafanyaje?
Unakata mti wenye panda, unausimika chini ya shingo:
mwega, kazi ya dakika tano, mtoto anaiweza,
mpaka masika yalainishe udongo, uteleze.
Au unarusha kamba juu, unaifunga kwenye mringaringa.
Kamba haitelezi. Lakini hukata ganda,
na yote yanautegemea huo mringaringa.
Humo ndani mwangu, umeuona?

"Mfupa wako mzima," akasema,
na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

Ya tatu aliisema akiangalia sakafu:
kushona njia yote, kufunga kabisa,
"kwa wale ambao tena hawa..."
Hakumaliza. Nikammalizia:
nina miaka hamsini na nane, baba, si mia.

Wodini, kitanda cha dirishani, Mama Ndeshi wa Machame:
amepasuliwa juu. Akikohoa
anakumbatia mto tumboni kama mwizi na kuku.
Pembeni yangu, Bi Zaituni wa Pasua
(ndio, mtaa wake unaitwa hivyo, na yeye ndiye aliyeanza kucheka):
alishonwa chini mwaka juzi, amerudi.
"Uzi haukuwa na kosa," akaninong'oneza.
"Wiki ya pili tu, nilirudia ndoo."

Usiku ule sikulala.
Nilihesabu madebe, mafungu ya kuni,
mikungu niliyoshusha Kiboriloni siku za soko,
magunia ya mahindi, jeneza la mama yangu mzazi,
ambalo nilisaidia kulibeba kwa sababu wanaume walichelewa.
Sikufika mwisho.

Asubuhi nikatoa jibu. Chini.
Kifua changu kimekaushwa na moshi wa kuni,
hakiutaki usingizi mzito; ganzi ya mgongo itanitosha.
Nikirudi, nitarudi. Kamba haijaharamishwa.
Nikaandika jina langu lote kwenye fomu,
polepole, hadi nukta.

Elinisafi akaja saa ya kuona wagonjwa,
chupa ya mtori mkononi,
nyasi zimemganda kwenye kola ya shati.
Njia nzima kutoka tambarare, akasema, watoto walimcheka.
Akakaa ukingoni mwa kitanda kama mgeni.
"Wamesemaje? Juu au chini?"

Chini, nikamwambia.
Nikamtoa unyasi mmoja shingoni.
Na majani, kichwani kwako.